Kozi ya uwekezaji wa nyumba na viwanja laki nne na nusu, nilipe au niache?

Kijana wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatuma hela. Mi ni muajiriwa hapa Dar, nimejibana nimefikisha kama 6m na sitaki iishie tumboni, nataka niingie kwenye mambo ya nyumba na viwanja maana ndo kitu naona wazee wetu wengi wametoka nacho. Sasa kuna jamaa yupo Instagram ana kozi, wiki nne kwa Zoom kila jioni, 450,000, ukiongeza 1m unaingia grupu la VIP anakushika mkono mwaka mzima. Mada zake ni kununua nyumba bila hela yako mwenyewe, nyumba za mnada wa benki, kununua chakavu unakarabati unauza, na Airbnb, ile ya kupangisha wageni kwa siku mtandaoni. Nimekaa kwenye webina yake ya bure masaa mawili, jamaa anaongea vizuri kweli, ila ukiniuliza nimejifunza nini zaidi ya kwamba kozi inaanza Jumatatu sina jibu. Kwa mnaojua, anayeanza kama mimi alipie au hivi vitu unajifunza mwenyewe mdogomdogo?

Chalii wa Sakina
Angekuwa anapiga hela kwenye nyumba angehangaika na laki nne zako? Jiongeze mkuu.

Fundi Bikoni
Hiyo hoja kila uzi wa kozi lazima iwepo na mi naona haina miguu, mbona madaktari wanafundisha Muhimbili na bado wanatibu. Kufundisha sio tatizo, cha kujiuliza ni anafundisha soko la wapi. Mi nipo kwenye upimaji wa ardhi na hizo mada nikiziangalia zimebebwa kutoka Marekani mzimamzima. Kule mtu anakopa miaka 30 kwa riba ambayo haibadiliki, kodi ya mpangaji inalipa rejesho na kinabaki chochote. Njoo hapa sasa tupige hesabu. Nyumba ya vyumba vitatu Goba tuseme 80m, mpangaji anakupa laki nne kwa mwezi, mwaka mzima 4.8m, na hapo hujapaka rangi, hujalipa kodi ya serikali, na hajahama mtu ikakaa tupu miezi miwili. Hiyo ni 6% ya thamani ya nyumba. Mikopo ya nyumba kwenye benki zetu inacheza 13 mpaka 19, chukua 15 tu, ukikopa yote riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia 12m. Hiyo 7m inayopelea analeta nani, mwalimu? Na benki yenyewe haikupi yote, itataka kwanza uweke ya kwako, kwa hiyo "bila hela yako" inafia mlangoni.

Mnada nao usome tangazo lolote gazetini, mara nyingi utakuta mshindi analipa 25% palepale na iliyobaki ndani ya siku 14. Nyumba ya 60m maana yake uwe na 15m siku hiyohiyo na 45m wiki mbili mbele, ukishindwa ile 25% sahau. Halafu ukute mwenye nyumba bado yumo ndani na familia yake na keshakimbilia mahakamani kuomba zuio. Ndo maana wanaonunua minada utawakuta ni walewale, wana hela taslimu na wakili wa kudumu. Wewe na 6m yako utafundishwa hicho kitu ukakifanyie wapi?

Mama Nuru
Mi sisemi usilipe kabisa, mi nilishalipa na sijuti. Ila lilikuwa darasa la siku moja, wakili na mthamini, elfu sitini na chai na chapati juu. Walitumwagia karatasi mezani, kopi ya hati, ofa (ile barua ya kumilikishwa kiwanja), leseni ya makazi, na ile karatasi ya kuuziana yenye mhuri wa serikali ya mtaa ambayo wengi wetu tunaiita hati kumbe wala sio hati. Yule wakili akatuambia nyumba ya familia mume hawezi kuiuza bila ridhaa ya mke, wala mke bila ya mume, ipo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, na kesi nyingi zinaanzia hapo. Sasa shemeji yangu alipokuwa ananunua kijumba Kisemvule nikamuuliza dalali, mke wa muuzaji yuko wapi? Dalali akaanza kung'atang'ata maneno, mara kasafiri, mara "mama yeye hana shida". Tukaomba namba yake tukampigia, mama wa watu yuko Tanga hana habari kama nyumba inauzwa. Biashara ikafia hapohapo na dalali hadi leo hanisalimii lol.
Kwa hiyo mdogo wangu angalia anayefundisha ni nani na unatoka na nini mkononi. Mthamini ana bodi yake ya usajili, wakili anajulikana, huyo wa Instagram ukimtafuta unamtafutia wapi?

Mbongo wa Houston
Nipo huku Marekani kwenyewe zilikotoka hizo kozi. Wengi mmesikia Trump University, kozi za nyumba za Donald Trump, ile ilianza na semina ya bure, halafu siku tatu kwa dola 1,495, halafu kifurushi cha juu karibu dola 35,000. Wanafunzi wakashtaki, 2016 ikaisha kwa makubaliano ya kuwalipa dola milioni 25. Sasa angalia ngazi ya huyo jamaa wako, bure, laki nne na nusu, milioni. Hela yake iko ngazi ya juu, hizo za chini ni za kukupandisha tu.

Njoro Nax
Huku kwetu Kenya hiyo darasa ni bure kabisa, kampuni za ploti zinakubeba na basi Jumamosi mpaka Juja ama Kitengela, maji na soda juu yao, na mtu anakuelezea kila kitu kuhusu taito, yaani hati. Nenda, sikiza, uliza maswali, lakini usilipe depositi siku hiyo hata wakisema zimebaki ploti mbili. Huwa zimebaki mbili kila wiki.

Kijana wa Tabata
Asanteni sana wakuu. Nimefanya kitu, nimeingia kwenye grupu la ile webina nikamuuliza jamaa kistaarabu tu, naomba mfano wa nyumba moja uliyonunua mnadani, ipo mtaa gani na uliilipiaje. Kanijibu hayo ni ya VIP. Nikauliza tena, admin akanitoa 😂
Sasa hiyo 6m ikae wapi wakati najifunza?

Fundi Bikoni
Admin kakuokolea laki nne na nusu, mtumie soda. 6m ipeleke UTT, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji, kwenye mfuko wa Ukwasi, ukiihitaji unaitoa, usiiache kwenye simu itayeyuka. Ukipata kiwanja kilichopimwa pembeni ya mji usilipe hata mia kabla hujachukua namba ya kiwanja na kitalu ukaenda nayo ofisi ya ardhi ya mkoa kufanya upekuzi, uone jina la mmiliki na kama kina mkopo au zuio. Na mwenyekiti wa mtaa akikudai asilimia 10 ya mauziano usimpe, serikali ilishasema mara nyingi hawana mamlaka hiyo.
Jumamosi tupo Mapinga tunapima eneo la watu, ukitaka kuona bikoni, yale mawe ya mipaka, zinavyowekwa na majirani wanavyogombania mpaka njoo PM nikuelekeze. Viatu vya tope beba, kule kumenyesha.