Sakafu ya mbao za mninga: hesabu yangu maboksi 10, muuzaji anasema 12. Napigwa?

fundi_wa_jpili
Wakuu habari za jioni. Nataka kutoa tailizi sebuleni niweke mbao za mninga, sebule ina mita 4.5 kwa 3.6 na kuna koridoo ya mita 5 kwa 1.2. Nikipiga napata 16.2 jumlisha 6, yaani mita za mraba 22.2. Karakana moja hapa Dar wanauza kwa boksi, boksi lina mbao 24 na wameandika 2.16 juu yake, bei laki na themanini. 22.2 gawa kwa 2.16 ni kumi na ushee, sasa jamaa ananiambia eti chukua 12. Hayo mawili ya nini kama sio kunikamua?

mamaTwins
Hakukamui huyo. Kuna vipande vya kukata ukutani na milangoni, kuna mbao yenye jicho au ufa utaitupa, watu wanaongeza asilimia 10 kwa mbao zilizonyooka, na kama unataka ule mtindo wa mfupa wa samaki weka hata 15. 22.2 na 10% yake ni 24.42, gawa 2.16 inakuja 11.3, boksi halikatwi nusu so ni 12. Mimi nilijifanya mjanja nikanunua kamili, tukapelea mbao kama sita hivi chini ya dirisha, nimerudi baada ya mwezi mninga uliokuja ni mwekundu kuliko wa kwanza, mpaka leo nimeweka kochi hapo 😂

Randa_Kali
Mnaulizana maboksi hamuulizi hiyo 2.16 imepimwaje. Mbao za hivi zina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, ukizichomeka ule ulimi unazama hauonekani tena, ila wauzaji wengine wanapima upana pamoja na ulimi. Fungua boksi moja palepale dukani, chomeka mbao mbili, pima upana wa zote mbili bila ule ulimi unaobaki nje, ugawe kwa mbili. Hicho ndicho unachonunua mkuu, kingine ni maandishi tu.

fundi_wa_jpili
Nimeenda leo na futi kamba yangu. Mbao ina urefu sentimita 90, upana ukipima na ulimi ni milimita 100 kamili, lakini mbili zikichomekwa, bila ulimi wa nje, ni 184! Yaani kila moja inaziba 92. Kwahiyo 24 x 0.9 x 0.092 ni kama 1.99 sio 2.16 😳

Randa_Kali
Umeona sasa. 24.42 gawa 1.99 ni 12.3, unahitaji 13, milioni mbili laki tatu na arobaini. Hayo 12 uliyokuwa unaona mengi yangekupa ziada ya asilimia 7 tu hivi, kwa koridoo nyembamba yenye milango sio mchezo. Na hapo bado gundi, vanishi, skatingi (zile mbao za chini ya ukuta) na hela ya fundi.

kijana_wa_muheza
Kabla hujalipa, nyumba ni ya chini? Ukishatoa tailizi bandika kipande cha nailoni kwenye zege, ziba pembeni zote na selotepu ulale nacho, asubuhi kikiwa na jasho kwa ndani usiweke mbao, zitavimba. Na maboksi yakifika yafungue yakae humo humo sebuleni wiki nzima hivi yazoee hewa, usimwache fundi aanze siku hiyohiyo hata akikuambia ana kazi nyingine Kibaha.

fundi_wa_jpili
Ni ya chini ndio, nailoni nitaijaribu. Nimekubaliana na jamaa nachukua 13, boksi likibaki halijafunguliwa analirudisha na hela yangu, nimemwandikisha kwenye risiti. Kuhusu ule ulimi nilimuuliza akacheka, akasema "bosi mbona hata mbao ya kenchi la paa ikipigwa randa inapungua upana".

mamaTwins
😂😂 hao ndio wenyewe. Skatingi lakini toa upana wa milango usinunue mzunguko wote.