Naomba ushauri: fankisheni kabla ya kuanza kalkulasi

Habari zenu wakuu. Najiandaa kuanza kalkulasi, kwa hiyo narudia fankisheni kwanza. Grafu za mstari na za x² ziko sawa. Kinachonitesa ni fankisheni kuingia ndani ya nyingine. Mfano, f(x) = x² na g(x) = √x. Nikitafuta f(g(x)) napata x, lakini majibu ya kitabuni yanaongeza kwamba x isiwe hasi. Nimejaribu namba chanya, zote zinakubali. Nikiweka −4 kwenye jibu la mwisho napata −4 bila shida yoyote!

Je, sharti la g (kwamba namba iliyo ndani ya mzizi isiwe hasi) linabaki hata alama ya mzizi ikishatoweka? Na logi na trigonometria nizimalize kabla ya limiti (mada ya mwanzo ya kalkulasi), au ziende sambamba? Natanguliza shukrani.