Naomba ushauri: virusi vya kambamiti vimebadilishana jeni kweli, au ni kosa la PCR (kunakili jeni kwa wingi ndani ya mrija)?

Wakuu, habari za kazi. Tupo maabara hapa Arusha, sampuli ni matamvua ya kambamiti wa mabwawa ya pwani. Virusi vya kundi la kichwa cha njano (RNA ya besi kama 26,000) vina aina kadhaa, na kubadilishana jeni kati yake kunajulikana. Kwetu jeni ORF1b inaangukia aina moja, jeni ORF3 nyingine.

Kinachotutia shaka: kila mrija ulichanganya kambamiti 5, na PCR ilikwenda mizunguko 40. Uzi usiokamilika hudandia kiolezo cha aina nyingine mzunguko unaofuata, ukazaa chotara ambaye hakuwahi kuishi ndani ya mnyama. Tena vipande viwili vilivyosomwa mbalimbali havithibitishi kitu; huenda ni maambukizi mawili tu.

Tunataka kurudia kwa kambamiti mmoja mmoja, mizunguko 25, dakika 2 za kurefusha uzi kwa kila besi 1,000, kipande kimoja kinachovuka kiungo (pale aina mbili zinapokutana), cDNA (nakala ya DNA ya hiyo RNA) mpya mara mbili.

Je, kusoma kloni 10 (nakala zilizotenganishwa moja moja) kunatosha, au tuizimue cDNA kwanza hadi molekuli moja kwa mrija? Na RNA iliyogandishwa na kuyeyushwa mara 3 bado inafaa kwa kipande kirefu hivyo?