Ulinganisho: kwa nini bado hatujapata uhai nje ya Dunia, na tuutafute wapi kwanza?

Mtazamanyota (mleta mada)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba tulinganishe kwa utulivu majibu yanayotolewa kwa swali ambalo mwanafizikia Enrico Fermi aliliuliza wakati wa chakula cha mchana huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1950: ikiwa nyota ni nyingi kiasi hiki, wenzetu wako wapi? Wapo wanaosema uhai ni adimu mno na huenda tuko peke yetu. Wapo wanaosema upo, ila umejificha chini ya barafu au ndani ya miamba ambako vyombo vyetu havijafika. Kundi la tatu, ambalo mimi nimo, linasema tumeutafuta kidogo sana, na hata pale tulipoutafuta, vipimo havikuweza kutoa jibu lisilo na utata.

Ushahidi wangu mkubwa ni Viking. Mwaka 1976 vyombo viwili vya NASA, shirika la anga la Marekani, vilitua Mirihi, na hadi leo ndivyo pekee vilivyopelekwa huko vikiwa na majaribio yaliyobuniwa mahususi kutambua kiumbe kilicho hai. Katika jaribio mojawapo, mkono wa chombo ulichota udongo na kuuweka katika chumba kidogo, kisha yakadondoshewa humo matone ya maji yenye virutubisho vilivyotiwa kaboni nururifu, kwa hoja kwamba kijiumbe kinachokula kingetoa gesi yenye kaboni hiyo hiyo. Gesi ilitoka katika vituo vyote viwili, na udongo uliokuwa umepashwa moto kwanza hadi nyuzi 160 haukuitoa. Hata hivyo, virutubisho vilipoongezwa mara ya pili, gesi haikuongezeka kama ambavyo ingetarajiwa kwa viumbe vinavyozaliana, na kifaa kingine kilichochoma udongo ili kutafuta molekuli za kikaboni, yaani zile zenye kaboni ambazo viumbe hujengwa nazo, kiliambulia michanganyiko michache yenye klorini, iliyodhaniwa kuwa mabaki ya dawa za kusafishia kifaa. Wengi wakahitimisha kwamba Mirihi haina uhai.

Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikagundua chumvi za pakloreti katika udongo wa huko. Chumvi hizo zikipashwa moto huunguza molekuli za kikaboni na kuacha michanganyiko ya klorini ya aina ile ile. Kwa maneno mengine, kipimo chenyewe huenda kilikuwa kinateketeza kile kilichotumwa kukitafuta. Molekuli za kikaboni zilikuja kuthibitishwa na Curiosity, gari la utafiti la NASA, katika miamba ya bonde la Gale, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018. Sisemi kwamba Viking ilipata uhai. Ninachosema ni kwamba kwa zaidi ya miaka 30 tulichukua jibu lenye kasoro tukalifanya hukumu.

Kila mchangiaji aseme anaegemea upande gani, na kama fedha zingetosha safari moja tu, angezipeleka wapi.

Bonde la Rukwa

Ndugu mleta mada, hoja yako nzito, lakini umeangalia upande mmoja wa kosa. Kipimo kinaweza kukosa kilichopo, na kinaweza pia kuona kisichokuwapo, na mfano wa hilo umetoka kwetu. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, eneo ambalo sasa ni mkoa wa Songwe. Kilichookotwa hakikufika hata kilo moja, lakini ni cha aina adimu sana, chenye kaboni nyingi na madini yaliyowahi kulowana maji. Mwaka 1961 watafiti George Claus na Bartholomew Nagy walichapisha taarifa kwamba ndani ya kimondo cha Ivuna na kile cha Orgueil, kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, wameona maumbo madogo yanayofanana na visukuku vya vijiumbe. Mjadala uliwaka kwa miaka. Wengine walipochunguza upya, sehemu ya maumbo hayo ilionekana kuwa chavua ya mimea ya hapa hapa Duniani, na mengine yakawa chembe za madini tu.

Ndiyo maana wanasayansi wanakwenda polepole, nami sioni kuwa ni woga. Tena vimondo hivi vinanivuta kuelekea jibu la kwanza kuliko ninavyopenda. Vumbi ambalo Wajapani walilileta kutoka Ryugu, moja ya asteroidi, yaani miamba midogo inayozunguka Jua, lilikutwa likifanana sana na kimondo cha Ivuna, na katika vumbi la asteroidi ya Bennu, lililofika Duniani Septemba 2023, zilipatikana asidi amino 14 kati ya 20 zinazojenga protini za viumbe hai. Viambato vimetapakaa kila mahali. Ikiwa viambato ni vingi namna hii na bado hatuoni kiumbe, basi huenda hatua ya kutoka kwenye kiambato hadi kwenye uhai ndiyo ngumu. Fedha zangu zingekwenda kwenye kuleta sampuli nyumbani, ambako maabara nyingi zinaweza kuzipima na kubishana juu ya kitu kilicho mkononi.

Kina Kirefu

Naheshimu hoja zote mbili, lakini mnazungumzia jangwa na mawe wakati maji yapo. Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha takriban kilomita 500 tu, unarusha angani mvuke na chembe za barafu kutoka bahari iliyo chini ya ganda lake. Chombo cha Cassini kiligundua michirizi hiyo mwaka 2005 na baadaye kikapita katikati yake. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mvuke huo una haidrojeni, ambayo kwenye sakafu ya bahari zetu huliwa na vijiumbe vinavyotengeneza methani bila kuhitaji mwanga wa jua. Mwaka 2023, kutokana na data za chombo hicho hicho, zikatangazwa fosfati, chumvi zenye fosforasi ambayo viumbe huihitaji. Chakula kipo, maji yapo, nishati ipo.

Kwa nini basi hatujapata kiumbe? Kwa sababu Cassini iliondoka Duniani mwaka 1997, kabla mtu yeyote hajajua kwamba michirizi hiyo ipo, kwa hiyo vifaa vyake havikuundwa kwa kazi hiyo. Na ndugu Bonde la Rukwa asisahau kwamba sisi wenyewe tuligundua jamii za viumbe zinazoishi gizani kwenye chemchemi za moto za sakafu ya bahari mwaka 1977 tu, karibu na visiwa vya Galápagos. Kama bahari ya nyumbani ilitufichia jambo hilo hadi baada ya binadamu kutembea juu ya Mwezi, sioni tunavyoweza kusema uhai ni adimu.

Antena

Mimi nitakuwa mfupi. Mwanaastronomia Frank Drake alianza kusikiliza mawimbi ya redio kutoka angani mwaka 1960 huko Green Bank, Marekani, akielekeza antena kwenye nyota mbili, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Agosti 1977 antena ya Ohio ilinasa mawimbi yenye nguvu kwa sekunde 72, na hayajasikika tena. Mwaka 2018 watafiti walikadiria kwamba eneo lote lililopekuliwa kwa redio hadi wakati huo, ukihesabu pande za anga, masafa na nguvu za mawimbi, ni sawa na bwawa dogo la kuogelea likilinganishwa na bahari zote za Dunia. Kwa hiyo naungana na mleta mada. Nakiri kwamba njia hii haiwezi kumgundua kijiumbe, na hapa kwetu uhai ulidumu zaidi ya miaka bilioni tatu bila kurusha wimbi hata moja.

Mtazamanyota (mleta mada)

Ahsante, ndugu Antena. Je, darubini ya James Webb haiwezi kuziba pengo hilo, kwa kupima angahewa za sayari za mbali?

Antena

Inajaribu, lakini tazama K2-18b, sayari iliyo umbali wa miaka ya nuru 124. Aprili 2025 kundi la watafiti lilitangaza dalili za gesi ambayo hapa Duniani hutolewa hasa na viumbe vidogo vya baharini. Makundi mengine yalipochambua data zile zile hayakuona dalili ya kutosha, na gesi hiyo imewahi kuonekana hata kwenye kimondomkia, ambako hakuna anayedhani kuna plankton. Kutoka umbali huo hakuna wa kwenda kuchota.

Bonde la Rukwa

Hapo ndipo narudi Mirihi. Julai 2024 Perseverance, gari jingine la utafiti la NASA huko, ilitoboa mwamba uliopewa jina la Cheyava Falls, wenye madoa yaliyozungukwa na kingo nyeusi, na uchambuzi uliochapishwa Septemba 2025 ulionyesha ndani yake madini ya chuma yenye fosfati na ya chuma yenye salfa. Katika matope ya Dunia, madini hayo mara nyingi huachwa na vijiumbe vinavyokula mabaki ya kikaboni, ingawa yanaweza pia kutokea bila uhai. Chombo hakiwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Kipande chenyewe kimo ndani ya mrija, kimefungwa, kinasubiri usafiri, na mwaka 2024 NASA ilieleza kwamba mpango uliokuwapo ungeweza kugharimu hadi dola bilioni 11 na kuchelewa hadi 2040.

Kina Kirefu

Kwa kipande hicho, nakubali Mirihi itangulie, kwa sababu sampuli imeshachaguliwa na safari ni ya miezi, wakati kufika Zohali ni kazi ya miaka. Nina sharti moja. Chombo cha Europa Clipper, kilichorushwa Oktoba 2024 kwenda Europa, mwezi wa Mshtarii, na kutarajiwa kufika 2030, kimetumwa kuchunguza kama mazingira yanaweza kubeba uhai, si kuutafuta uhai wenyewe. Safari ya Enceladus isirudie mpangilio huo. Ibebe vifaa vya kumtambua kiumbe, na vijaribiwe kwanza kwenye chumvi na barafu za hapa Duniani, ili yaliyoikuta Viking yasijirudie.

Mtazamanyota (mleta mada)

Sharti hilo nalipokea. Fedha za safari moja, basi, naziweka kwenye mrija wa Cheyava Falls, na sampuli ikifika igawiwe kwa maabara zisizopungua tatu zinazotumia njia tofauti za kupima, mojawapo ikiwa haiipashi sampuli moto.