Mrejesho: Yule bibi aliyegoma kuvuka mto Sabaki

Wakuu, niliomba ushauri wa kuthibitisha habari za mama yake babu yangu, Mgiriama wa pwani ya Kenya anayesimuliwa kuwa alikula kiapo pamoja na akina Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza. Asanteni sana, hasa mlioniambia niwaulize wanawake wazee kwanza. Wazee wa kiume walinipa nasaba tu, nyingi ya baba na wana. Shangazi wa baba ndiye aliyenipa mtu mwenyewe.

Anasema bibi alikula mukushekushe, kiapo cha wanawake. Wanaume walikuwa na chao cha fisi. Hilo linaangukia 1913, Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, wakati Waingereza walipotaka vijana wakafanye kazi mashambani kwao. Mekatilili akakamatwa mwaka huohuo, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Agosti 1914 kaya ikalipuliwa kwa baruti, vita vikazuka, na Wagiriama wa kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuhama.

Bibi hakuhama. Alijificha msituni na mtoto mgongoni, usiku akirudi kuchimba mtama aliofukia. Mtoto huyo ndiye babu! Nimelia, sioni haya kusema.

Jina lake halimo katika karatasi yoyote niliyoona, na kwangu hilo halipunguzi kitu. Sauti ya shangazi nimeirekodi, nakala nimewapa binamu. Sasa natafuta koo nyingine zilizobaki ng'ambo ile. Kama bibi yenu alikuwa miongoni mwao, niandikieni, tuziunganishe simulizi wazee wakiwapo.