Ushauri: Mteja wa WiFi kapakua filamu kwa torenti, barua ya hakimiliki imenijia mimi

fundi_kisauni:
Wakuu, salaam. Nina WiFi ya mtaa hapa Kisauni. Nachukua laini kwa kampuni kubwa, nagawia majirani kwa malipo ya mwezi. Kampuni imenitumia barua pepe kwamba IP yetu (namba ya laini mtandaoni) imeonekana ikipakua filamu kwa torenti (watu kugawana vipande vya faili wao kwa wao), "chukua hatua". Wateja wote wanatokea kwa IP hiyo moja. Namshuku kijana wa orofa ya pili, lakini mamake anauza nguo mtandaoni kwa laini hiyo hiyo. Nimkatie? Na mwenye filamu akienda kortini, atanishtaki mimi au yeye?

bahari_tulivu:
Mkatie leo leo. Marekani mwaka 2019 juri iliiamuru Cox, kampuni ya intaneti, iwalipe Sony na kampuni nyingine za muziki dola bilioni 1, kwa kuwaachia wateja sugu wa kupakua muziki kiharamu. Wewe utatoa wapi?

wakili_mtaani:
Ndugu, tusimtie mwenzetu kiwewe. Fidia hiyo mahakama ya rufaa iliifuta Februari 2024, na yeye yuko Kenya. Sheria yetu ya Hakimiliki ilirekebishwa 2019, na kifungu cha 35A kinamkinga anayepitisha data tu: hakuianzisha, hakumchagua mpokeaji, hakubadilisha kilichomo. Hulazimiki kuchungulia wateja wanapitisha nini. Notisi rasmi ya kifungu cha 35B, ile inayompa mtoa huduma saa 48 za kazi kufunga kilicholalamikiwa, sharti iwe na sahihi, itaje kazi inayodaiwa na iambatane na kiapo. Yako ina kiapo?

fundi_kisauni:
Haina. Kuna tarehe, saa na jina la faili, basi. Hata jina la mlalamikaji halimo.

wakili_mtaani:
Basi hiyo ni taarifa. Ihifadhi, ijibu kwa adabu. Jina la kijana usimpe mtu bila amri ya korti; kuna Sheria ya Ulinzi wa Data pia.

bi_rukia:
Kaka, huko kushuku kuache kwanza. Wenye filamu huingiza programu ndani ya torenti, inanakili IP za wote wanaogawana vipande vya faili. Inaona IP ya nje pekee, haijui orofa. Washa kumbukumbu za NAT kwenye rauta (zinaonyesha kifaa kipi cha ndani kilitumia IP ya nje na saa ngapi), uzipeleke kwenye kompyuta nyingine maana rauta ikizima zinapotea. Na uangalie saa: barua hizi mara nyingi huandikwa kwa UTC (saa ya kimataifa), kwetu unaongeza saa tatu. Ukilikosa hilo utamkatia mtu aliyekuwa kazini.

mzee_wa_nyaya:
Bi Rukia kasema kweli. Australia kampuni 34 za filamu na televisheni ziliishtaki iiNet, kampuni ya intaneti, kwa jambo hili hili. Mwaka 2012 Mahakama Kuu yao, ambayo kwao ndiyo ya juu kabisa, majaji wote, ilisema iiNet haikuidhinisha wizi huo: haikuwa na uwezo wa kuzuia torenti zaidi ya kufunga akaunti nzima, na notisi zenyewe hazikutosha kumhukumu mteja. Mimi wasiwasi wangu ni mwingine, mwanangu. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano unayo? Na mkataba wa hiyo laini unakuruhusu kuuza tena? Wakitaka kukubana watakubania hapo, filamu hata hawataitaja.

fundi_kisauni:
Shukran sana wote. Mzee, mkataba nimeufungua sasa hivi: kuuza tena ni kwa ruhusa ya maandishi. Jumatatu nakwenda ofisini kwao, na leseni nianze kuifuatilia. Kijana simkatii. Nitaandikia wateja wote ujumbe mmoja kuhusu torenti, bila kutaja mtu.

bi_rukia:
Waambie pia wabadilishe nywila. Nusu ya mtaa huenda wanaijua.