VPN ya bure: nimekimbia nini, nimekimbilia wapi?
Assalamu alaikum ndugu zangu, naomba ushauri. Niko Chake Chake. Tangu uchaguzi wa 2020, mitandao ilipobanwa, simu yangu haijakosa VPN ya bure, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa kampuni nyingine ili kuficha unakopita. Nikiwasha, kile kialama cha ufunguo kinakaa juu ya kioo, roho inatulia. Sasa mpwa wangu kanitia wasiwasi: kampuni ya laini haioni tovuti ninazopita, sawa, lakini mwenye VPN anaziona. Yaani nimemkimbia jirani, ufunguo nikampa mgeni! Na Onavo, VPN ya Facebook, ilijiita ya kulinda, kumbe ikikusanya matumizi ya watu, hadi ikafungwa 2019. Mimi hata benki naingilia humo humo. Nihamie ya kulipia, au niizime tu? Mnapimaje ipi ya kuaminika, maana "hatuhifadhi kumbukumbu za matumizi yako" wanaandika wote?